Breki Zinazoshika Bila Kukanyagwa

Msomaji, kama umepata kuendesha motokaa ambayo breki zake hazitaki kuachia, unaijua taabu yake: injini yavuta, gari laburutika, na gurudumu linatoka moshi. Sasa fikiri jambo hilo katika eropleni.

Huko Marekani wako watu wengi wanaojiundia eropleni nyumbani. Chama chao kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953. Muundaji ndiye fundi, naye ndiye rubani. Kwa hiyo kosa lake humpata yeye kwanza. Nyingi za eropleni hizo zina gurudumu la mbele linalojigeukia tu, na chini huongozwa kwa kukanyaga breki ya kushoto au ya kulia. Breki ikishika, diski hupata moto, mafuta ya breki hutanuka, na kwa kuwa hayana njia ya kurudi, huzidi kubana. Mwisho mpira wa pistoni huungua, mafuta huvuja juu ya diski ya moto, na eropleni yaweza kuwaka.

Fundi afanyeje? Kwanza aiinue kwa jeki, akanyage breki, aachie, kisha azungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, alegeze kidogo skrubu ya kutolea upepo. Je, gurudumu limekuwa jepesi? Basi mafuta yamefungiwa, na kosa liko juu: pengine springi ya kanyagio imelegea, pistoni ya silinda hairudi mpaka mwisho, na kile kitundu cha kurudishia mafuta kimezibwa. Au breki ya kuegeshea haikufunguka yote. Kama gurudumu bado ni zito, kosa liko chini: pini zimeshika kutu, au pistoni imekwama kwa uchafu. Azitoe, azisafishe, na mpira ulioharibika aubadili.

Tena atazame mafuta yenyewe. Mafuta ya breki za motokaa si ya eropleni hizi. Huvimbisha mipira yake, na pistoni ikakwama.

Kazi ikiisha, ajaribu tena kwa jeki kabla ya kwenda uwanjani. Na akiwa chini, asiweke miguu juu ya breki bila haja. Wazee walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.