Mtakatifu aliyeibwa chini ya nyama ya nguruwe

MTU akifukua kaburi na kutoroka na maiti, sote humwita mwizi. Lakini huko Venice, Italia, waliofanya hivyo walipokewa kwa shangwe.

Mwaka wa 828, wafanyabiashara wawili kutoka Venice, Buono na Rustico, walikuwa Alexandria, Misri. Katika kanisa moja mjini humo mlihifadhiwa mwili ulioaminika kuwa wa Mtakatifu Marko, mwandishi wa Injili. Inasimuliwa kwamba waliutoa kwa siri, wakauficha kapuni chini ya kabeji na nyama ya nguruwe. Maofisa wa forodha, ambao walikuwa Waislamu, walipoiona haramu hiyo waligeuza nyuso. Merikebu ikang'oa nanga.

Kwa nini wahatarishe maisha kwa ajili ya mifupa? Zama hizo, mji wenye masalia ya mtakatifu uliaminika kuwa na mlinzi mbinguni. Isitoshe, mahujaji walileta sadaka. Venice ilimjengea Marko kanisa, na simba wake mwenye mabawa akawa nembo ya mji. Wenyewe walishikilia kuwa walimwokoa, hawakumwiba.

Wakristo wa Misri, Wakopti, hawakusahau. Mnamo Juni 1968, Papa Paulo VI wa Roma aliwarudishia sehemu ya masalia hayo, yakawekwa katika kanisa kuu jipya jijini Cairo. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alihudhuria ufunguzi wake.

Marko alikuwa amekaa ugenini miaka 1,140.