Mtoto wa Mbwa Aotaye Meno na Kile Anachopewa Atafune

Katika vijiji vya Makere, kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, ambako mahindi na muhogo ndiyo riziki ya watu, na nyani na nguruwe mwitu ndio mahasimu wa kila shamba, mbwa ni mlinzi ambaye mkulima hapendi kumkosa. Lakini ni nadra kumwona mtu akishughulika na kinywa cha mlinzi huyo angali mchanga, ilhali taabu nyingi za mbwa mzima huanzia humo.

Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Kuanzia wiki ya tatu meno ya maziwa huchomoza, hata yakatimia 28. Na afikapo miezi mitatu au minne huanza kung'oka moja moja, yakafuatwa na meno ya ukubwani, ambayo kufikia mwezi wa saba aghalabu huwa yamekamilika 42. Muda huo wote ufizi humuuma, naye hutafuta nafuu kwa kutafuna chochote kilicho karibu: kandambili, mpini wa jembe, kamba ya mbuzi, hata vidole vya watoto. Kumpiga si dawa, maana hatendi kwa ukorofi. Wala mwenyewe asitaharuki akiona tone la damu, au jino dogo mithili ya punje ya mchele limeanguka uani.

Dhara kubwa hutoka jikoni kwetu wenyewe. Mfupa wa kuku uliopikwa, ambao wengi huutupa kwa huruma, umekaushwa na moto, na ukivunjwa hupasuka vipande vyenye ncha viwezavyo kukwama kooni au kutoboa utumbo. Na gunzi la mahindi, ambalo msimu wa mavuno hutapakaa kila ua, nalihofia zaidi, kwa kuwa hakuna alidhaniaye adui: tumbo la mbwa haliwezi kulisaga, na kipande kimoja chatosha kuziba njia ya chakula. Mnyama atatapika, atakataa kula, tumbo litavimba na choo kitakosekana. Hapo mara nyingi tiba ni kupasuliwa, na wapasuaji wa mbwa vijijini ni adimu. Kokwa la embe na la parachichi hukumu yake ni hiyo hiyo. Kwato na pembe za mbuzi, kwa ugumu wake, huvunja meno.

Apewe nini, basi? Kitambaa kizito cha pamba, kilichosokotwa na kufungwa fundo, kikaloweshwa maji ya mtungi yaliyolala nje usiku wa baridi ya milimani, hupoza ufizi vizuri mno. Karoti nene hufaa. Kadhalika sikio la ng'ombe lililochemshwa likapoa. Kipimo cha ugumu ni ukucha wako: kitu kisichobonyea hata kidogo ukikikandamiza kwa ukucha ni kigumu mno kwa jino. Kiwe kikubwa kuliko awezavyo kumeza, na kikiisha kupungua kiondolewe. Asiachwe peke yake anapotafuna. Na wakiwa ndugu wengi, kila mmoja apewe chake mbali na mwenziwe, kwani mwenye kuogopa kunyang'anywa humeza pasipo kutafuna.

Siku ya kuchinja, tahadhari iongezwe. Ini au pafu bichi lenye vifuko vya maji, na kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo, huweza kumwambukiza mbwa minyoo ya tegu; mayai yake hutoka na kinyesi, yakarudi kwa mifugo, ambayo hushikwa na kizunguzungu kwa vifuko viotavyo ubongoni, na ya namna nyingine yakamwingia mwanadamu, yakamfanyia uvimbe katika ini au mapafu. Viungo hivyo vichomwe, au vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hatalifukua.

Tena, umri huu wa kung'ata kila kitu ndio umri wa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa desturi huanza miezi mitatu. Na ugonjwa huo, dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara humuua. Ewe mwenye mtoto wa mbwa, mpeleke hima kwa bwana mifugo wa kata yako akachanjwe; na mtoto wako akiumwa na mbwa yeyote, hata mdogo, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa robo saa, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.