Poka ya Mtandaoni: Mchezaji Mpole na Mchezaji Mkali

Katika mchezo wa poka, hususan aina yake iitwayo Texas Hold'em ambayo huchezwa sana kwenye intaneti, kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza kwa hatua tatu: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, na mwisho ya tano. Kabla ya kufunuliwa karata hizo, na tena baada ya kila hatua, wachezaji huweka dau, na fedha zote hukusanyika katika kitita kimoja. Zamu inapomfikia, mchezaji aweza kupisha bila kutoa kitu ikiwa hakuna aliyemtangulia kuweka dau, aweza kuweka dau lake, kulipa dau la mwenzake kwa kiasi kilekile, jambo ambalo hapa litaitwa kufuata, kulipandisha dau hilo, au kutupa karata zake na kujitoa.

Mchezaji mpole ni yule ambaye mara nyingi hupisha na kufuata, ilhali mkali ni yule ambaye, akishaamua kuingia, huweka dau na kulipandisha. Sifa hizi hazihusiani na hulka ya mtu nje ya meza, kwa maana mtu mwenye haya na maneno machache aweza kuwa mkali wa kutisha karatani. Wala ukali si wingi wa karata ambazo mtu anakubali kuzichezea. Hilo ni suala la pili, la uteuzi, na wanaoanza hulipa gharama kubwa kwa kuyachanganya mambo haya mawili. Yupo anayeteua sana lakini akawa mpole, na yupo anayecheza karata zozote kwa ukali uleule hadi akaishiwa.

Msingi wa ukali ni hesabu. Anayefuata ana njia moja tu ya kushinda, nayo ni karata zake kuwa bora zaidi mwishoni. Anayeweka dau ana njia hiyo na nyingine, yaani mpinzani kujitoa kabla karata hazijaonyeshwa. Tuseme mchezaji ameshika ree, yaani ile karata ya juu kabisa, na kumi, zote za kopa, na katikati zimefunuliwa saba na mbili za kopa pamoja na mfalme wa shupaza. (Kopa, shupaza, uru na pau ni aina nne za karata.) Akipata kopa moja zaidi atakuwa na tano za aina moja, na karibu hakika atashinda. Karata asizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9, kwa hiyo uwezekano wa kuipata katika karata inayofuata ni takriban asilimia 19. Akifuata tu, mara nyingi atakuwa anangoja asichokipata. Lakini kitita kikiwa na dola 100 naye akaweka dau la dola 50, mpinzani akijitoa mara moja kati ya tatu, dau hilo limekwisha kujilipa hata kama karata zake zingekuwa hazina thamani yoyote. Na asipojitoa, zile kopa 9 bado zipo. Dau la namna hii, linalosimama kati ya tishio tupu na karata halali, lilielezwa kwa kina na Mmarekani David Sklansky, na laweza kuitwa nusu ghiliba.

Upole hudhuru hata karata nzuri. Ree mbili, ambazo ni mwanzo bora kuliko wote, hushinda takriban mara 85 katika 100 zikikabiliwa na mpinzani mmoja mwenye karata zozote, lakini zikikabiliwa na wanne hushinda takriban mara 56 tu. Anayezificha ree zake kwa kufuata huwaalika wengi waingie kwa bei ya chini, kisha hushangaa anaposhindwa na karata dhaifu ambazo yeye mwenyewe aliziruhusu zifike mwisho.

Mfano mashuhuri wa ukali ulitokea Las Vegas mwaka 2003, katika mashindano makuu ya World Series of Poker yaliyokuwa na washiriki 839. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alikuwa ameipata nafasi yake kupitia shindano dogo la mtandaoni ambalo kiingilio chake hakikufika dola 100. Walipobaki wawili, yeye na mchezaji wa kulipwa Sam Farha, Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba, akingoja karata ambayo haikuja. Hata hivyo aliweka fedha zake zote, na Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa na kwa hiyo alikuwa mbele, akajitoa. Moneymaker alishinda dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata washiriki waliongezeka hadi 2,576.

Jambo linaloutofautisha mtandao na meza ya kawaida ni kumbukumbu. Kila uamuzi huandikwa, na programu kama PokerTracker huzigeuza kumbukumbu hizo kuwa tarakimu. Kipimo cha ukali hupatikana kwa kujumlisha mara ambazo mtu ameweka dau na alizolipandisha, kisha kugawanya kwa mara alizofuata: aliyeweka mara 30, akapandisha mara 15 na kufuata mara 15 ana ukali wa 3, na mwenye chini ya 1 ni mpole bila ubishi. Kwa tarakimu hizo mpinzani asiyeonekana uso husomeka, na hapo ndipo ukali usio na akili huadhibiwa. Kumtisha mtu asiyejitoa kamwe ni kupoteza fedha, kwa kuwa njia ile ya pili ya kushinda haipo kwake; anayejulikana kwa kutisha kila mara naye hunaswa na mpole anayemfuata taratibu hadi mwisho. Kufuata, kwa hiyo, kuna mahali pake, ila pasiwe ndipo makazi ya mchezaji.

Hata kompyuta imeonyesha hivyo. Mwaka 2019 watafiti Noam Brown na Tuomas Sandholm walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyojifundisha kwa kucheza dhidi ya nakala zake yenyewe na kuwashinda wachezaji wa kulipwa katika meza za watu sita. Bila kufundishwa na binadamu, iligundua kwamba kuingia kwa kufuata tu dau la lazima la mwanzo ni kosa kwa karibu kila mchezaji mezani.

Sababu nyingine ya kuepuka upole ni makato. Tovuti huchukua asilimia ndogo ya kitita, lakini nyingi hazikati chochote raundi ikiisha kabla ya karata tatu za kwanza kufunuliwa. Mkali akiwaondoa wenzake mapema hupokea kitita kizima, ilhali mpole anayefuata ili aone karata hushindania vitita vilivyokwisha kukatwa. Anayetaka kujifunza na aanze kwenye meza za fedha za bandia, acheze raundi 100, ahesabu mara alizofuata na mara alizoweka dau, na aitazame hesabu hiyo kabla ya kuweka hata shilingi moja.