Unga wa mwisho, sala ndefu

Eti msomaji wangu, ushawahi kuona noma kusali mbele ya ugali maharage? Mimi nimewahi, tena kwa bibi yangu, kule Msangano, wilayani Momba. Unga ulikuwa wa mwisho ndani. Mara hodi! Jirani na watoto wake wawili. Nikanuna, nikajua leo tunalala njaa.

Bibi wala! Akaongeza maji kwenye maharage, akachuma majani ya maboga, akayaunga kwa karanga za kutwanga. Kisha akafumba macho, akashukuru utadhani kuna pilau la harusi.

Tulikula kidogo kidogo, lakini hakuna aliyelala njaa. Siku hizi nipo Tunduma mjini, hata chipsi kavu naziombea kwanza. Na akibisha mtu, namkaribisha. Wewe je?