Mchezo bila funzo ni kelele tupu

Walimu wenzangu, majuzi nilifikwa na aibu darasani, nami naitoa hadharani ili iwe funzo kwa wengine. Nilikuwa nimeandaa somo la ngeli kwa tarakilishi. Nilitwaa kiolezo kilichokwisha kutengenezwa, nikakijaza maswali 20, nikatia muziki, alama na orodha ya washindi. Darasa lilishangilia hadi mwalimu wa chumba jirani akaja kuchungulia.

Kesho yake niliwapa jaribio la kalamu na karatasi. Mwanafunzi aliyeongoza mchezoni aliandika, "Kiboko kimelala mtoni." Nilipomwuliza alishindaje jana, alinijibu bila hila: "Mwalimu, nilikuwa nabonyeza tu. Nikikosa, nabonyeza jingine."

Waama, kosa lilikuwa langu. Kiolezo kilimwambia amekosa, hakikumwambia kwa nini. Na kubahatisha hakukumgharimu chochote. Nililisuka swali upya. Anayechagua "kimelala" sasa huulizwa: kiboko huyu ni mnyama au ni mjeledi? Mnyama amelala, mjeledi umevunjika, yaani kiboko kimevunjika. Kisha hupewa kifaru wa mbugani na kifaru cha vitani, aonyeshe kwamba ameelewa kabla ya kusonga mbele.

Wapo watakaosema kuwa michezo ni upuzi usiostahili shule. Siafikiani nao. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojitahidi kukumbuka walichokisoma walikihifadhi zaidi baada ya juma moja kuliko waliokisoma tena na tena. Mchezo mwema humlazimisha mwanafunzi kukumbuka. Hata mchezaji hodari wa bao hatii mkono shimoni kabla ya kuhesabu kete; na akikosea, kete zinazoliwa humfunza.

Zana hazikosekani. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002, hupatikana bila malipo, na violezo vya maswali vimejaa tele. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kiolezo hakijui wanafunzi wako hukosea wapi. Wewe unajua, kwa kuwa umesahihisha madaftari yao. Anza na makosa hayo, kisha ndipo utafute mchezo unaoyafaa. Muziki na alama na vije mwisho.

Na shule isiyo na umeme je? Kata kadi za karatasi, andika swali upande mmja na maelezo ya kila jibu upande wa pili. Usanifu ni ule ule.

Nanyi wanafunzi, msifurahie alama msizoweza kuzieleza. Mtihani hauna kitufe cha kujaribu tena, wala maisha hayana. Mwalimu akikuletea mchezo usiokufunza, mwambie kwa adabu, kama nilivyoambiwa mimi. Nilitahayari, lakini nilifundishika.