MUPIRA WA WASICHANA: NGAZI INAANZIA WAPI?



Jumamosi moja kiwanjani kulitokea mabishano. Wasichana wa darasa la tatu walichukua mupira, wavulana wakaja kuwanyanganya. Mmoja akasema: «Ninyi munasumbuka bure! Mwanamuke wa huku Masisi atacheza na nani? Atafika wapi?» Wasichana wakanyamaza, na sisi wa kamati ya gazeti tukanyamaza pia, sababu hatukuwa na jibu. Ndipo tukaanza kutafuta. Leo tunawaeleza tulichopata: dada zetu wamekwisha kufika wapi, mashindano gani yanakuja, na kwa nini msichana wa Masisi ao wa Walikale hafikake huko.

1. WAMEKWISHA KUFIKA MBALI

Mwezi wa Oktoba 1998, wakati vita vilikuwa vimeanza tena katika inchi yetu, ekipe ya taifa ya wanawake ilikwenda Nijeria kucheza Kombe la Afrika (CAN). Wakarudi wakiwa wa tatu katika Afrika yote. Mwaka ule Afrika ilikuwa na nafasi mbili tu za Kombe la Dunia la 1999. Nijeria na Gana ndizo zilizichukua. Yaani Kongo ilikosa Kombe la Dunia kwa hatua moja!

Kiisha hapo tukaonekana katika CAN ya 2006 na ya 2012, halafu kimya cha miaka mingi. Tulirudi mwezi wa Julai 2025 kule Maroko. Tuseme kweli bila kuficha: tulishindwa mara tatu. Senegal 4–0, Maroko 4–2, Zambia 1–0.

Lakini sikieni upande mwingine. Mwezi wa Novemba 2024, miezi nane tu mbele ya kushindwa huko, klabu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilishinda Champions League ya Afrika. Iliipiga AS FAR ya Rabat 1–0, tena kulekule Maroko. Kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi. Muchezaji wao Merveille Kanjinga alichukuliwa na Paris Saint-Germain ya Ufaransa mwezi wa Januari 2025.

Namna gani inchi moja inashinda hivi na kushindwa hivi? Sisi tunaona hivi: klabu kubwa inafanya mazoezi siku kwa siku, wachezaji wanajuana, wana kocha, wana mechi nyingi. Ekipe ya taifa inakusanywa kwa siku chache, na inakusanya kile tu ambacho klabu zimekwisha kulea. Kama klabu za wanawake ni chache, na ziko katika miji mikubwa tu, ekipe ya taifa itatoa wapi wachezaji? Jambo zima linaanzia chini.

2. NGAZI YENYEWE

Mupira wa inchi yetu umepangwa kama ngazi. Chini kabisa kuna ekipe. Ekipe inaandikishwa katika Cercle ao Entente ya mahali. Juu ya Entente kuna Ligue ya mkoa. Kwetu ni LIFNOKI, ligue ya Kivu ya Kaskazini. Juu ya hiyo kuna FECOFA kule Kinshasa, yenye kusimamia shampiona ya taifa. Klabu yenye kushinda katika taifa inakwenda kupambana na zile za inchi za Afrika ya Kati, katika zoni inayoitwa UNIFFAC. Mshindi wa zoni anaingia Champions League ya Afrika ya wanawake, iliyoanza mwaka 2021.

Mumeona? Kutoka kiwanja cha udongo mpaka kombe la Afrika, njia iko. Haikufungwa kwa sheria yoyote. Lakini hakuna mtu anayepanda ngazi akianzia katikati. Na kipandio cha kwanza ni karatasi: muchezaji sherti awe na lisansi yenye jina lake, picha yake na tarehe ya kuzaliwa. Asiye na lisansi anaweza kufunga magoli makumi kila juma, lakini katika vitabu vya mupira hayuko.

3. MASHINDANO YANAYOKUJA

Kombe la Dunia la wanawake litachezwa Brazil, tangu tarehe 24 Juni mpaka 25 Julai 2027, na ekipe 32. Kwa Afrika, njia ya kwenda huko inapita katika CAN ya 2026, iliyopewa Maroko: wanne wenye kufika nusu fainali wanakwenda moja kwa moja. Sisi hatumo. Afrika Kusini ilitutoa mwezi wa Oktoba 2025, mbele ya kuingia CAN.

Basi tuangalie kombe linalogusa umri wetu: Kombe la Dunia la wasichana wasiopita miaka 17. Zamani lilichezwa kila miaka miwili. Tangu 2025 linachezwa kila mwaka, na mpaka 2029 lote ni Maroko, ekipe 24. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kombe la 2028 ni la waliozaliwa 2011 na kuendelea. La 2029 ni la waliozaliwa 2012 na kuendelea. Wasichana wa miaka hiyo tunakaa nao darasani! Hatusemi kwamba watakwenda. Tunasema saa yao inatembea sasa, si kesho.

4. KWETU NGAZI INAKATIKA WAPI?

Kwanza, vita. Vilifika Masisi-centre mwanzo wa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi uleule, na Walikale-centre mwezi wa Machi. Watu walikimbia, ekipe zikatawanyika. Hata mbele ya hapo, kutoka Walikale mpaka Goma kwa mechi moja tu ilikuwa mateso ya matope na vizuizi.

Pili, karatasi. Sheria ya Kongo inaomba mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, sherti wazazi wapite tribinali. Wengi hawakuandikishwa kamwe, na wengine waliacha karatasi nyumbani siku ya kukimbia. Mtoto wa namna hiyo hapotezi mupira tu. Kesho itakuwa shida hata kwa diploma yake.

Tatu, kazi za nyumbani. Kengele ikilia, mvulana anakimbilia kiwanjani. Dada yake anakwenda kuchota maji, kutafuta kuni na kutwanga sombe. Kwa siku tano za masomo, kiwanja chetu ni cha wavulana siku tano. Wasichana wanapata mupira wakati wavulana wamechoka.

Nne, woga wa wazazi. Mama mmoja alituambia: «Mimi sikatazi muchezo. Ninaogopa njia ya magaribi.» Tusimcheke. Kwetu huku woga huo una sababu yake.

5. TUNAOMBA NINI?

Hatuombi kombe. Tunaomba mambo manne yasiyo na gharama kubwa:

a) Bwana Prefe atupangie siku mbili za kiwanja kwa wasichana, tangu saa nane mpaka saa tisa na nusu, ili kila mmoja afike kwao jua lingali juu. Mwalimu mmoja wa kike awasimamie.

b) Ninyi kaka, siku hizo mbili mubebe bido la maji. Maji hayaulizi kama aliyeyachota ni mwanamuke ao mwanaume.

c) Kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, aulize nyumbani juu ya karatasi yake ya kuzaliwa. Asiye nayo aambie ofisi ya masomo, tutafute njia pamoja.

d) Wasichana wenyewe waandike majina ya ekipe katika daftari moja: jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa. Siku Entente itakapofungua shampiona ya wasichana, tusianze kutafutana.

Kwa yule ndugu aliyeuliza Jumamosi ile, jibu letu ni hili: atacheza na Bukavu, na Kinshasa, na Lubumbashi, na Maroko. Lakini mbele ya wote hao sherti acheze kwanza na wewe, na wewe umuachie mupira.

Daftari liko kwenye meza ya kamati. Mpaka leo asubuhi lilikuwa na majina tisa. Kumi na moja ndiyo ekipe.

Kamati ya Gazeti