JE, WAJUA? Nundu ya mti ina mbao ya ajabu

Ile nundu inayovimba kwenye shina la mti, ambayo wengi tungeikatia kuni, huficha mbao yenye mapambo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mti huo. Mti ukijeruhiwa au ukishambuliwa na wadudu au kuvu, machipukizi yaliyolala chini ya gome huweza kuamka kwa wingi yasiwe matawi. Nyuzi za mbao hujisokota kila upande. Ukipasua, unakuta macho madogo meusi yamebanana, na mawimbi ya rangi yakiyazunguka.

Kipande hicho hupendwa na mafundi wa kukata picha kwa msumeno wa wembe mwembamba. Fundi hutoboa tundu kwa keekee, hupitisha wembe humo, kisha huufunga mashineni. Wembe hupanda na kushuka tu. Anayegeuza ubao ni fundi, hadi ndege au ua litokee katikati na ukingo ubaki mzima. Nundu haitaki haraka, maana nyuzi zake huuvuta wembe kando. Nayo isipokaushwa polepole, hupasuka.

Kuanzia mikaratusi ya mashambani Kibabii hadi Elgon teak, jamaa wa mzeituni anayemea Mlima Elgon, nundu hazikosekani. Lakini tafadhali, usiibandue kwenye mti ulio hai: kidonda kile ni mlango wa kuvu na wadudu. Chukua ya mti ulioanguka au uliokatwa kwa kibali.